Birika la Lami, Unga wa Harusi

Mkiingia kwa mtu, nyinyi vijana mnaangalia viti, mnaangalia televisheni, mnaangalia picha zilizotundikwa ukutani. Mimi naangalia sakafu. Mke wangu anajua, na kabla sijafika kiti hunifinya mkono na kuninong'oneza, "Mzee, salimia watu kwanza." Lakini nifanye nini? Miaka yangu yote ya nguvu niliishi nikiwa nimepiga magoti, na msidhani nilikuwa mtu wa maombi sana. Nilikuwa najaza mianya.

Mwanya ni kitu ambacho mnapita juu yake kila siku bila kukijua. Ukimwaga simiti ya ghala zima kwa mara moja, itakauka vizuri, utaisifu, halafu asubuhi moja utakuta imepasuka mahali ilipotaka yenyewe. Kwa hiyo fundi anaigawa sakafu vipande, kama baba anayewagawia wanawe shamba, na kati ya kipande na kipande anaweka ubao mwembamba. Simiti ikishika, ubao unatolewa. Nafasi inayobaki, upana wa kidole hivi, ndiyo mwanya. Jua likiwaka, simiti inanenepa na mwanya unabana. Baridi ikija, simiti inakonda na mwanya unafunguka. Mkiacha nafasi ile tupu, maji yanaingia, wadudu wa mahindi wanahamia humo na jamaa zao, na gurudumu la mkokoteni linavunja kingo. Kwa hiyo inajazwa lami ya moto, na lami ina kazi ya kunyooka na kurudi bila kuachia ukuta wa huku wala wa kule.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Najua haina wimbo. Hakuna mama aliyewahi kusema mwanangu akikua awe mjaza mianya.

Nilianza Kitale, miaka kadhaa kabla ya Uhuru, nikiwa nimeishia darasa la nne kule kwetu Kabuchai. Wakati huo mashamba makubwa ya Trans-Nzoia yalikuwa yanajenga maghala ya mahindi na vyumba vya kukamulia ng'ombe, na kila penye sakafu mpya palihitajika mtu mwenye chungu cha lami. Mtu huyo alikuwa Fundi Makokha wa Bumula. Alikuwa mrefu, mabega yameinama kidogo, na magoti ya suruali yake yalikuwa yamewekwa viraka vya ngozi ya ng'ombe. Aliniangalia mikono, akaniangalia viatu, akaniuliza, "Unajua kungoja?"

Nikasema najua.

"Tutaona," akasema.

Sikujua. Nilikuwa kijana wa kuota ndoto mchana kweupe. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukoroga chungu, na ukikoroga lami nyeusi inayong'aa unaona mambo mengi humo ndani. Mimi niliona nyumba yangu yenye mabati, niliona baiskeli yenye kengele, niliona mabango yenye jina langu, FUNDI SIMIYU, kutoka Kitale mpaka Bungoma. Nikiwa huko, moto nao ulikuwa unaendelea na kazi yake. Mwenzangu, Njoroge, ambaye wazazi wake walitoka sehemu za kati wakahamia upande wa Kachibora, alikuwa akipiga kelele kutoka upande wa pili wa ghala, "Simiyu amesafiri tena! Rudi bana, moshi umegeuka rangi!"

Shikeni hilo, moshi. Lami ikipashwa vizuri moshi wake ni mwembamba, wa buluu, kama wa jikoni kwa mtu asiye na haraka. Ukiona unageuka manjano na unakuchoma macho, umeiunguza. Lami iliyoungua inamwagika vizuri tu, inapendeza siku ya kwanza, halafu inakatika kama biskuti. Chungu cha kwanza nilichounguza Fundi Makokha alikimwaga chote kwenye shimo, mbele yangu, polepole, bila kunitukana. Ningependa angenitukana.

Na shikeni jani. Kabla ya kujaza mwanya, Fundi alikata kipande cha jani la mgomba, akakilaza juu ya mwanya jioni, akaweka mawe pembeni. Asubuhi alikigeuza. Kama upande wa chini una jasho, hatujazi. Tunakaa. Hata kama mwenye shamba amesimama hapo na kofia yake akitaja siku, tunakaa. Maana lami ya moto ikikuta unyevu inatema na kutoa mapovu, na kila povu ni tundu. Jani likitoka kavu, ndipo tunaleta pampu ya baiskeli na kupuliza vumbi. Nilimwuliza kwa nini tunajisumbua na vumbi ambalo halionekani. Akaniuliza, "Wewe ungelala kwa kitanda kimejaa mchanga?" Nikasema hapana. "Na lami vile vile."

Baada ya vumbi, kamba ya katani inasukumwa chini ili lami isizame yote. Kisha pande mbili za mwanya zinapakwa lami nyepesi iliyolegezwa na mafuta ya taa. Kisha sasa, ndiyo, birika.

Birika lenyewe lilikuwa la chai, kusema kweli. Birika kubwa la bati, ambalo Fundi alikuwa ameligonga mdomo kwa nyundo ukawa bapa kama wa bata, ili lami itoke nyembamba na kuingia mwanyani bila kuchafua kingo. Sisi wasaidizi tulikoroga, tukabeba kuni, tukapuliza vumbi. Birika lilishikwa na yeye peke yake. Kushika birika ndiko kulikuwa kuwa fundi, hakukuwa na karatasi nyingine.

Siku moja karani mgeni wa shamba alipita, akaliona birika kwenye mawe likitoa moshi, akasema, "Nyinyi watu mnakunywa chai saa zote?"

Njoroge akamjibu kwa adabu kubwa, "Karibu karani. Ila leo haina maziwa."

Yule bwana akaenda kweli, akarudi na kikombe chake cha udongo! Njoroge ameshashika mpini, amekwisha kuinamisha, ndipo Fundi Makokha akapiga ukelele uliofukuza njiwa wote kwenye paa. Baadaye aliniambia kuwa kilichomkasirisha zaidi ni kwamba Njoroge alishika birika.

Sasa niwaambie jinsi nilivyolishika mimi.

Kwao Fundi Makokha, karibu na Bumula, Wakristo walikuwa wamejenga kanisa jipya. Walifyatua matofali wenyewe. Akina mama walibeba mchanga kutoka mtoni kwa vikapu, msimu mzima, wakiimba. Sakafu ya kanisa la zamani ilikuwa ya udongo uliosiribwa, na hii mpya ya simiti waliipenda mpaka walikuwa wakivua viatu mlangoni. Fundi alikuwa ameisimamia kila alipopata ruhusa ya kwenda nyumbani. Kilichobaki kilikuwa mianya, na harusi ya kwanza humo ndani ilikuwa ya Nekesa, binti yake mwenyewe, Jumamosi moja ya Januari.

Wiki ile ya harusi, mwenye shamba wa Kitale akakataa kumwachilia. Sakafu ya chumba cha maziwa lazima iishe Ijumaa. Fundi alitembea huku na huku akizunguka chungu, halafu akachukua birika, akalifuta kwa gunia, akanipa.

"Enda Bumula leo," akasema. "Jaza mianya ya kanisa. Mimi nitafika Jumamosi asubuhi na lori la mahindi."

"Mimi peke yangu?"

"Kuna Simiyu mwingine hapa?" Halafu akaongeza, akiangalia pembeni, "Kama binti yangu atatoka pale kanisani na kazi iko imara, hilo birika halirudi kwangu. Nitanunua lingine."

Vijana, nililipakata lile birika ndani ya lori kama mtoto mchanga. Abiria mmoja aliniuliza kama ni la urithi.

Nilifika. Nilifanya kila kitu. Jani lilitoka kavu, vumbi nilipuliza mpaka mikono ikawaka, kamba niliisukuma, pande nilizipaka, moshi ulikuwa wa buluu. Nilijisimamia kama Fundi alivyonisimamia. Siku ya Jumatano niliamka mapema sana, kukiwa na baridi na ukungu, nikaanza kumwaga. Na hapo ndipo niliharibu.

Niliharibu kwa upendo, hiyo ndiyo shida. Niliwaona wale mama waliobeba mchanga wamesimama mlangoni wakinitazama, nikaona aibu kuacha mwanya haujajaa. Fundi siku zote aliacha lami ikae chini kidogo, kina cha ukucha. Mimi machoni pangu ilionekana kama ubahili. Basi nikajaza mpaka juu, nikaongeza kidogo, kama mama anayempakulia mgeni. Mistari ikatoka myeusi, imenyooka, imejaa, inang'aa. Akina mama wakapiga vigelegele. Nyanya yake Nekesa, ambaye sote tulimwita Kukhu kama wanavyoita bibi zao huko kwetu, alipita juu yake na fimbo yake akasema, "Kijana, umeishona kama nguo."

Na jambo la pili. Lami nilichanganya na mchanga laini kiasi kile kile tulichozoea Kitale. Kitale ni juu, ni baridi, lami inatakiwa iwe laini isije ikakatika. Bumula ni chini, ni joto, na lami inataka mchanga zaidi isije ikalegea. Nilishuka na lori kutoka kwenye baridi mpaka kwenye joto, nikavua koti njiani kwa sababu ya jasho, na bado sikufikiri kwamba lami nayo ingesikia joto.

Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, kulikuwa na mawingu. Kila kitu kilikaa vizuri. Nilikuwa nikizungukazunguka kanisani kama mwenye nyumba.

Jumamosi jua likatoka.

Kufikia saa nne kanisa lilikuwa limejaa, na mabati juu yetu, mapya, bila dari, yalikuwa yanalia tik, tik kwa joto. Nimekaa mbele upande wa wanaume, shati jeupe la kuazima, birika nimeliweka chini ya benchi kwa sababu sikutaka kuliacha mbali. Kwaya inaimba. Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ndogo, pwak. Mzee mmoja ameinua kiatu. Kidogo tena, pwak, upande wa wanawake, na mama mmoja akaendelea mbele na mguu mmoja mtupu, ndala yake imebaki imeganda sakafuni. Alicheka, akairudia, akaivuta kwa mikono miwili.

Nikaangalia chini. Mianya ilikuwa imebana. Lami yangu ilikuwa imepanda juu, imefura kama mgongo wa jongoo, inang'aa kwa mafuta. Na mwanya mkubwa kuliko yote ulipita mbele kabisa, pale hasa ambapo bwana harusi na bibi harusi watapiga magoti.

Sasa lazima muelewe juu ya lile gauni. Halikuwa la Nekesa. Lilikuwa gauni moja jeupe lililotunzwa na mke wa mchungaji katika sanduku lenye majani ya mkaratusi, na lilivaliwa na mabinti wa makanisa manne. Likitoka kwa huyu linafuliwa, linapigwa pasi, linakwenda kwa mwingine. Jumamosi iliyofuata lilikuwa linangojewa Kabuchai, kwetu. Doa la lami halitoki kwa sabuni, halitoki kwa ndimu, halitoki. Magoti mawili ya Nekesa pale mbele, na binti mwingine ambaye simjui angekwenda kwa mumewe na alama mbili nyeusi. Na Fundi Makokha angejua ni mkono wa nani.

Nikafikiria mkeka. Lakini mchungaji alikuwa ameamuru asubuhi mikeka yote itolewe ili watu waone sakafu. Na hata ungerudishwa, magoti yangeukandamiza ukaganda, na wakati wa kusimama wangeinuka nao.

Nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikakimbia mpaka kule nyuma akina mama walikokuwa wanapika. Masufuria yamepangwa, moshi, kuku, kelele. Kukhu alikuwa amekaa kwenye kigoda akisimamia kila kitu kwa fimbo yake. Alisema kanisani ataingia akisikia kwaya imebadilisha wimbo.

"Kukhu, nisaidie. Nataka majivu. Karai moja."

Masufuria yakanyamaza, nawaambia ukweli. Kukhu akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Majivu? Kwa halusi ya mjukuu wangu? Umekuja kutuzika?"

"Kukhu, lami imeamka. Inashika viatu. Nekesa akipiga magoti, gauni limekwisha. Nahitaji kitu kikavu, laini, cha kuifunika."

Alikuwa mzee lakini akili yake haikuwa imekaa kwenye kigoda. Akafikiri kwa muda wa kupumua mara mbili.

"Majivu hayaingii pale," akasema. "Chukua unga."

"Kukhu, huu si wa wageni?"

"Si wanakula ugali? Wacha na sakafu ikule. Mpe beseni ile! Upesi!"

Nikarudi na beseni la unga wa mahindi wa harusi. Kwaya imebadilisha wimbo. Mlangoni, kwenye mwanga, namwona Nekesa ndani ya lile gauni, na baba yake amemshika mkono, vumbi la lori bado kwenye nyusi zake. Wameanza kuja, zile hatua za harusi, moja, simama, moja, simama. Namshukuru Mungu kwa hatua zile.

Nikapiga magoti mbele ya madhabahu, nikaanza kunyunyiza. Unanyunyiza, unakandamiza kwa kiganja, unafuta uliozidi, unanyunyiza tena. Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja nyuma akasema, si kwa sauti ndogo, "Ati ugali unapikiwa hapo mbele?" Kicheko kikapita kanisani kama upepo. Mchungaji akaniangalia juu ya miwani.

"Ndugu, ni nini?"

"Namalizia kazi, mchungaji."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mchungaji."

Nilirudi nyuma kwa magoti nikinyunyiza mianya ya katikati, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikakutana na upindo wa gauni uso kwa uso. Nikajiviringisha chini ya benchi. Fundi Makokha alipita kando yangu bila kuniona. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Angeweza kupita juu ya mamba.

Wakapiga magoti. Mchungaji akaomba. Aliwaombea wao, akawaombea watoto wao ambao hawajazaliwa, akaomba mvua, akaiombea serikali, na mimi chini ya benchi nikiangalia magoti mawili juu ya unga. Sikufumba macho maombi yale yote, Mungu anisamehe. Aliposema amina, Nekesa akasimama. Gauni likainuka. Liliinuka lote, polepole, jeupe, na magotini lilikuwa na vumbi jeupe zaidi. Kukhu, aliyekuwa ameingia na kusimama kando ya mlango, akapiga kigelegele kabla ya mtu mwingine yeyote, na watu wakafikiri ni kwa ajili ya ndoa.

Ningeweza kuishia hapo. Kila mtu alidhani unga ni mtindo mpya wa Kitale. Wawili walikuja kuniuliza kama kwenye harusi zao pia ningefika na beseni.

Lakini wakati wa chakula Fundi Makokha alisimama. Hakuwa mtu wa hotuba. Alisema anawashukuru wageni, anamshukuru Mungu, na anataka watu wajue kwamba ile sakafu, wale akina mama waliibeba vikapuni, na kijana huyu hapa ameifunga peke yake. Akaniita. "Leo hili birika ni lako," akasema, na watu wakapiga makofi.

Birika lilikuwa mkononi mwangu tayari. Kila kitu nilichokiota juu ya chungu kilikuwa mkononi mwangu, mpini wake ukiwa bado na joto la jua. Na upande wa pili wa meza Kukhu alikuwa anatafuna kuku polepole, akiniangalia. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alitafuna tu.

"Fundi," nikasema, "usinipe."

Makofi yakaisha ovyo ovyo, kama mvua inayokatika.

"Nilijaza mpaka juu. Leo joto limeipandisha. Ule unga nilikuwa naficha lami isimshike Nekesa. Sikuwa namalizia kazi. Nilikuwa naficha."

Bwana harusi akaangalia kwa siri magoti ya suruali yake. Fundi Makokha akaweka sahani chini. Akachukua birika mkononi mwangu, akanyoosha mkono wa pili kwa akina mama.

"Nani ana kisu kikali?"

Tukaenda kanisani, yeye na suti yake ya harusi ya binti, mimi na shati la kuazima. Akavua koti, akalikunja, akapiga magoti. Alipitisha kidole gumba juu ya lami, akakinusa, akakisugua.

"Mchanga ulitia kiasi gani?"

"Kama wa Kitale."

"Na hapa ni Kitale?"

"Hapana, Fundi."

"Jasho lilikutoka ukija?"

"Lilinitoka."

"Basi," akasema, akaanza kukata.

Tulikata mgongo wa kila mwanya mpaka chini ya kina cha ukucha, kisu tukikichovya kwenye maji kisishike. Tukanyunyiza mchanga mkavu, tukaukandamiza kwa chuma cha moto uzame ndani na kuikaza lami. Nje watu wanacheza, tunasikia miguu yao. Baada ya saa nzima ya kukata, ghafla akacheka peke yake.

"Mimi lilikuwa duka," akasema. "Bungoma. Nilikuwa na umri wako. Nilijaza mpaka juu ili mwenye duka aone sibanii. Magunia ya sukari yaliganda chini, yote. Ukinyanyua, chini inabaki. Nilichota sukari sakafuni kwa mikono hii mpaka nikachukia chai."

"Ulimwambia kabla hajaona?"

Akakata kipande, akakitupa kwenye debe. "Hapana. Alikuja kuona mwenyewe."

Nikafikiri baada ya hapo atanirudishia birika. Alilibeba yeye mpaka Kitale. Jumatatu nikarudi kukoroga chungu, na Njoroge, ambaye habari zilikuwa zimemfikia sijui kwa njia gani, akanikaribisha na kijiko cha unga juu ya chakula changu cha mchana. "Nimekufunika bana, usije ukashika mtu."

Nilipouliza, mara moja tu, Fundi alisema, "Sakafu imeona jua. Haijaona baridi." Kwa hiyo tukangoja. Mahindi yakapandwa, yakapaliliwa. Nilikoroga na kukoroga, na ndoto zangu zikawa zimebadilika kidogo. Mabango yalipotea. Nilikuwa nikiona ule mwanya wa mbele, nikijiuliza unafanya nini saa hii.

Mwezi wa Julai, asubuhi ya ukungu ambayo hata Bumula watu walikuwa wamejifunika mablanketi, tulishuka kwenye lori na kwenda moja kwa moja kanisani. Hapakuwa na mtu ila Kukhu, ambaye alikuja nyuma yetu na fimbo yake na kifurushi kidogo cha unga chini ya kanga. "Nimeleta tu," akasema. "Mimi sijui mambo ya mafundi."

Tulipiga magoti. Simiti ilikuwa imekonda, mianya imefunguka kama inavyopaswa. Na lami ilikuwa imenyooka nayo. Imeshika ukuta wa huku, imeshika ukuta wa kule, katikati imebonyea kidogo kama maji yanavyokaa kwenye kiganja. Fundi Makokha alipitisha ukucha kutoka mwanzo mpaka mwisho wa kanisa, akitambaa, mwanya kwa mwanya, bila kuruka hata mmoja. Mimi nilibaki pale mbele nimesimama, nikingoja. Hapo nilikuwa nimejua kungoja.

Alipomaliza, alisimama kwa shida, akajipangusa magoti. Akamsalimia Kukhu vizuri, akauliza habari za Nekesa, akaambiwa ana mimba, akafurahi. Halafu akatoka nje akaanza kwenda zake kwenye barabara ya lori, mikono nyuma, akipiga mluzi.

Nikageuka, nikaona birika limebaki sakafuni, katikati ya kanisa.

"Fundi!" nikaita kutoka mlangoni. "Umesahau birika!"

Hakugeuka.

"Nani amesahau?" akasema, akaendelea na mluzi wake.